Nani Anawazuia Wapendanao?

Basi lilikuwa limeshaipita Chimala tukielekea Igawa, na kwenye televisheni ndogo iliyofungwa juu, nyuma ya dereva, ilikuwa ikiendelea bongo muvi. Kijana wa familia yenye uwezo anampenda binti anayeishi chumba kimoja cha kupanga. Mama wa kijana amefika chumbani na bahasha ya kaki, ameiweka juu ya stuli, anamtaka binti achukue hela ahame mji. Binti analia. Bahasha iko palepale, kamera haibanduki.

Bibi mmoja aliyepandia Uyole, kitenge kimemfunika mpaka masikioni kwa ile baridi ya Juni, akauliza bila kumlenga mtu, "Sasa wazazi wa huyu mtoto wako wapi? Humu ndani hamna hata mshenga?"

Dada wa kiti cha mbele akageuka. "Bibi, wazazi hawana shida. Shida ni huyo kaka. Hajui hata anachotaka. Simu za yule wa kwanza bado anapokea."

"Simu?" Bibi akanyamaza kidogo, akitafuta namna ya kuuliza vizuri. "Simu inazuiaje ndoa, mjukuu wangu?"

Hapo basi zima likaingilia. Baba mmoja aliyepanda Igurusi na gunia la mchele akasema hapo kinachozuia ni hela, mengine yote maneno tu. Wakabishana hadi tukaingia Makambako.

Nafundisha fasihi ya Kiswahili hapa Mbeya, na kila mwaka wanafunzi wananiuliza swali lilelile tukisoma riwaya za zamani: "Mwalimu, kwa nini hawa hawakukimbia tu?" Kwao kitabu kinachomweka baba katikati ya wapendanao ni kitabu kisichoeleweka. Na wazazi wao wakitazama tamthiliya za sasa wanauliza kinyume chake: hawa wanaachana kwa nini, mbona hakuna aliyewakataza? Siku ile kwenye basi nilipata jibu bora kuliko lolote nililowahi kuandika ubaoni. Watu watatu walitazama filamu moja, na kila mmoja akatafuta ndani yake kizuizi cha zama zake.

Maana hadithi ya mapenzi ni hadithi ya kizuizi. Wawili wakipendana leo na kuoana kesho, msimulizi hana kazi. Lazima kuwe na kitu katikati: baba, ukuta, ukabila, bahari, ugonjwa, hofu. Ukitaka kujua hadithi ya mapenzi imetoka zama zipi, acha kwanza kuhesabu mabusu. Tazama kinachowazuia, kisha tazama nani ameshika ufunguo wa kukiondoa. Hayo mawili ndiyo yaliyokuwa yakibadilika muda wote huu, na yamebadilika kwa sababu unazoweza kuzishika kwa mkono: ng'ombe, mishahara, sheria, dawa, na mashine tunazotazamia.

Nianze na ng'ombe, kwa sababu ndiye anayewashinda vijana kuelewa.

Kati ya 1934 na 1938 Godfrey Wilson na mkewe Monica waliishi Rungwe wakichunguza maisha ya Wanyakyusa, na Monica aliendelea kuandika juu yao kwa miaka mingi baadaye. Walichokikuta ni vijiji vya rika. Wavulana wakifikia miaka kama kumi hivi walitoka kwa baba zao wakajenga vibanda vyao pembeni, wakalala huko na wenzao, ingawa chakula waliendelea kula kwa mama. Wakikua, wakaoa hukohuko. Lakini kuoa kulihitaji ng'ombe, na ng'ombe walikuwa zizini kwa baba. Baba huyo naye aliweza kuwatumia kuongeza mke wake mwenyewe. Kwa hiyo vijana walichelewa kuoa, na wazee wakawa na wake wengi. Isitoshe, ng'ombe walioingia kwa mahari ya dada ndio waliotoka kwenda kumwolea kaka. Binti akimkimbia mumewe, wale ng'ombe walidaiwa, na ndoa ya kaka yake ikaanza kutikisika.

Hebu fikiria hadithi ya mapenzi ndani ya hesabu hiyo. Binti akimpenda kijana asiye na zizi nyuma yake, moyo wake ulikuwa unagusa ndoa ya kaka, heshima ya baba na maziwa ya wadogo zake. Anayeniuliza kwa nini hakukimbia, namwambia angekimbia na ng'ombe wa watu wangapi?

Ndiyo maana ngano zetu nyingi za mapenzi zinasimuliwa kutoka upande wa zizi. Wengi mmeisikia ile ya msichana aliyekataa wachumba wote wa kijijini, kisha akampenda mgeni mzuri asiyejulikana kwao, na mgeni akageuka zimwi, au chatu, au simba, kutegemea bibi anayesimulia ametoka wapi. Inasimuliwa sehemu nyingi za Afrika. Nilipokuwa mdogo niliichukia kwa sababu ilinitisha. Sasa nikiisoma na wanafunzi nawaonyesha jambo moja: kizuizi cha hadithi ile ni uchaguzi wa msichana mwenyewe. Jamii haimzuii asipate anachotaka; inahofia kwamba atakipata. Anayemwokoa mara nyingi ni mdogo wake aliyemfuata kwa siri, yaani mtu wa ukoo.

Kilicholegeza hesabu ile ni mshahara. Dhahabu ya Lupa, huko Chunya, iliwavuta vijana wengi katika miaka ya 1930, na wengine wakaenda mbali zaidi, kwenye migodi ya shaba ya Zambia ya leo na ile ya Afrika Kusini. Kijana aliyerudi na fedha yake aliweza kununua ng'ombe bila kumsubiri baba. Ufunguo ukahama mkono. Na papo hapo kikazaliwa kizuizi kipya, umbali: mwanaume aliyekwenda mgodini na hajarudi, mwanamke anayehesabu misimu ya mvua. Nyimbo na masimulizi mangapi ya huku kwetu yamejengwa juu ya barabara aliyoondokea mtu!

Msidhani baba mwenye ufunguo ni wa Afrika tu. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi. Wengi tunaikumbuka kwa Shailoki na ratili yake ya nyama, tunamsahau Poshia. Baba yake Poshia amekwisha kufa, na bado ndiye anayemchagulia mume: ameacha wosia kwamba mchumba achague kisanduku kimoja kati ya vitatu, cha dhahabu, cha fedha na cha risasi, na atakayekosea aende zake. Hadithi hiyo iliandikwa mwishoni mwa karne ya 16. Baadaye riwaya za Kiingereza za karne ya 18 na 19 zikaweka mali na tabaka mahali pa wosia, zikawapa wasomaji ndoto mpya, kwamba msichana anaweza kumpata mtu ampendaye na shamba lake kwa pamoja. Ndoto hiyo imesafiri sana. Bahasha ya kaki kwenye basi letu ni mjukuu wake.

Upande wetu wa pwani, tawi jingine kabisa lilikuwa limeshachipua. Utenzi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, ni maneno ya mama mgonjwa kwa binti yake juu ya kuishi na mume. Hakuna anayemtafuta mwingine mle. Mapenzi yanaanza pale hadithi za Ulaya zilipokuwa zikimalizikia, baada ya harusi. Mshikeni Mwana Kupona hapo, nitamrudia.

Sasa tuje kwenye picha za Kihindi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nadhani zilitufundisha kupenda kuliko hadithi nyingine yoyote ya kigeni.

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Kabla ya hapo picha ilikuwa sinema mjini, au banda la video: kuta za mabanzi, mabenchi, pazia la gunia mlangoni, jenereta inanguruma nje. Hollywood ilikuwa na mapenzi pia, tena ya kila namna, ingawa kuanzia 1934 hadi 1968 studio zake zilijifunga kwa kanuni zilizotaka ndoa iheshimiwe na uzinzi usionyeshwe kwa kuvutia. Kanuni hizo zilikataza hata mapenzi kati ya mweusi na mzungu. Fikiria, kulikuwa na kizuizi ambacho hata kukisimulia kulizuiliwa. Lakini mapenzi ya Hollywood yalikuwa ya watu wawili walio peke yao chumbani. Picha ya Kihindi ilikuja na baba, mama, shangazi, mjomba, na harusi ya watu mia tatu. Mtu wa Tukuyu au Njombe aliyatambua mara moja.

Awara ya Raj Kapoor, ya 1951, ilipendwa sana katika nchi hii, Bara na Visiwani. Kijana maskini aliyelelewa mtaani anampenda binti msomi, na kati yao amesimama hakimu ambaye, bila kijana kujua, ndiye baba yake aliyemfukuza mama yake. Mwaka 1973 ikaja Bobby, mtoto wa tajiri na binti wa jamii ya wavuvi. Wazazi wanakataa, watoto wanatoroka. Wale wa banda walipiga miluzi. Kisha 1995 Dilwale Dulhania Le Jayenge ikafanya jambo lililonishangaza nilipoliona, na linanishangaza hadi leo. Mama wa binti mwenyewe anawapa dhahabu zake, anawaambia vijana waondoke wakaishi. Kijana anakataa. Anasema hatamchukua binti mpaka baba yake amkabidhi kwa mkono wake.

Iangalieni miaka. Mwaka 1973 vijana wanatoroka. 1995 mlango uko wazi na kijana hatoki. Anayedhani hadithi za mapenzi zimekuwa zikienda mbele moja kwa moja, kutoka utumwa wa mila hadi uhuru wa moyo, atakwama hapa. Familia nyingi za Kihindi zilikuwa zimehamia Ulaya na Marekani, na picha ile ilikuwa inazijibu: unaweza kuishi London na bado ukampata mke kwa baraka za baba. Uhuru ulikuwa umeshapatikana. Kilichokuwa adimu ni kukubaliwa nyumbani. Picha hiyo iliendelea kuonyeshwa katika jumba moja la sinema Mumbai kwa miongo.

Na sisi tulizipokea vipi? Kwa sauti ya mtu. Watafsiri wa mabanda, na aliyesikika zaidi kati yao, Lufufu wa Dar es Salaam, hawakuwa wakitafsiri sentensi kwa sentensi. Walisimulia upya. Banda nililokwenda mimi Mwanjelwa lilikuwa na mtafsiri wake, kijana mwembamba aliyekaa kwenye kreti ya soda karibu na spika. Shujaa akipiga magoti mbele ya mzee mwenye kilemba, wanaongea Kihindi dakika nzima, yeye anasema: "Mzee anamwambia, kijana, ng'ombe uliokuja nao ni watatu, na mimi kwa ndugu zangu Kyela nitasema nini?" Kwenye picha hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Lakini banda zima liliguna kwa uchungu, kwa sababu sasa lilikuwa limeelewa kwa nini shujaa analia. Kijana yule alikuwa anaondoa kizuizi cha Mumbai anaweka cha Rungwe, na hadithi haikuvunjika. Sijapata maelezo bora zaidi ya fasihi linganishi.

Mwaka wa 1971 unastahili aya zake. Mwaka huo Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa, na sheria hiyo inasema ndoa haifungwi bila ridhaa ya hiari ya kila mmoja wa wawili hao. Inasema pia kwamba kutolipwa mahari hakuiharibu ndoa. Kwa maandishi, zizi lilikuwa limepoteza ufunguo. Ila sheria hiyohiyo ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 huku mvulana akisubiri 18. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo ni kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019. Ridhaa ya hiari ya mtoto wa miaka 15 mbele ya baba yake ni ipi? Hilo nalo ni swali la riwaya.

Na riwaya ilikuwepo. Mwaka huohuo 1971 Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika. Baba, Zakaria, anamchunga binti yake Rosa kwa kipigo. Barua ya mvulana tu inatosha kumletea adhabu. Rosa anafika shule na chuo hajawahi kufundishwa namna ya kuongea na mwanaume, na anazama. Charles, yule wa ujanani, anarudi anataka kumwoa, na anapogundua kwamba hakumkuta bikira anamwacha. Rosa anajiua. Kitabu kilizuiwa mashuleni kwa muda, baadaye kikaja kusomeshwa.

Nikikifundisha nawaomba wanafunzi wamtafute anayewazuia Rosa na Charles pale wanapoachana. Zakaria hayumo. Mahari haidaiwi. Hakuna aliyekataza lolote. Kizuizi kimeingia ndani ya kichwa cha kijana msomi, na kimeandikwa kwenye mwili wa msichana. Kwa maoni yangu hapo ndipo riwaya ya Kiswahili ilipovuka kwenda zama nyingine: baba anaweza kutoka ukumbini na bado ukuta ukasimama. Mwaka uliofuata Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed ikaonyesha mapenzi yenyewe yakitumika kama ndoano ya kuvulia mali. Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi, 1999, ikarudisha ukuta wa nje, rangi na ukoloni, ikimfuata Yasmin aliyeozwa mtoto kwa mzee na kisha akampenda Denge, mpigania uhuru. Amil Shivji aliitengenezea filamu mwaka 2021, na vijana wangu waliotazama filamu kwanza ndio wanaokimaliza kitabu.

Kuna kizuizi kimoja ambacho mikoa yetu ilikijua kwa ukaribu usio wa kawaida. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, lakini utafiti wa 2011/12 ulipotoka, Njombe ilikuwa juu kabisa ya orodha kwa asilimia 14.8, Iringa 9.1 na Mbeya 9.0, wakati wastani wa taifa ulikuwa 5.1. Hadithi za miaka ya 1990 zilizojaa mazishi hazikuwa zikitia chumvi. Wapendanao walifika mwisho wa hadithi wakiwa wamekonda. Tatizo ni kwamba ugonjwa ulifanywa hakimu: anayekufa ni "mhuni", na mara nyingi sana mhuni huyo alikuwa mwanamke.

Mchezo mmoja wa redio ulikwenda njia tofauti. Twende na Wakati ulianza Radio Tanzania mwaka 1993, na mhusika wake mkuu, Mkwaju, alikuwa dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima. Huku kwetu, ambako barabara ya Zambia inapita katikati ya miji, hakuna aliyehitaji kuelezwa Mkwaju ni nani. Mkewe, Tunu, hakufa wala hakubaki kulia. Alimwacha, akaanza biashara yake ndogo. Hadithi ya mapenzi ambamo mwanamke anaokoka kwa kuondoka, ikisikilizwa jikoni na mama zetu wakichambua mboga! Baadaye dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure, ugonjwa ukaacha kuwa sura ya mwisho. Nasubiri bado riwaya nzuri ya wawili wanaokutana kliniki wakichukua dawa. Huku wapo wengi walioanzia hapo, wana watoto wazima.

Bongo muvi sitaikalia sana kwa sababu wasomaji wengi wameishi ndani yake. Girlfriend ya 2003 ilifungua mlango, na kwa miaka kumi hivi soko likajaa. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012 nchi nzima ilitikisika. Jambo ambalo watazamaji hawalitilii maanani ni jinsi biashara ilivyokata hadithi. Filamu moja iliuzwa kwa diski mbili, sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja na bei yake. Kwa hiyo mwandishi alihitaji kizuizi kikubwa katikati kabisa ya hadithi, kitu cha kumfanya mtu arudi dukani: mimba inajulikana, rafiki anasaliti, mama mkwe anakuja na bahasha. Wengi waliowalaumu waandishi kwa kuzidisha vituko walikuwa wanalaumu, bila kujua, idadi ya diski.

Kisha vikaja ving'amuzi, na hadithi ikaacha kabisa kuisha. Kabla hatujajaza wenyewe vipindi hivyo, mwaka 2011 TBC ilirusha tamthiliya ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013. Kwa nini iliwashika watu hivyo? Kwa sababu Doudou ameshaolewa. Kinachofuata ni mama mkwe, jiko, pesa, kukaa nyumba moja. Mwana Kupona angeelewa kila sehemu. Tamthiliya zetu za sasa zimeendelea na njia hiyo: king'amuzi kinalipiwa kila mwezi, hivyo hadithi inayokwisha kwa harusi inaikosesha kampuni mteja wa mwezi ujao. Ndoa imerudi kuwa mlango wa kuingilia. Na kizuizi kinachoweza kujirudia miaka mitatu bila kuchosha ni kimoja tu, kutoaminiana.

Hapo ndipo yule dada wa kwenye basi alipokuwa. Simulizi zinazosomwa leo kwenye simu, zinazokatwa vipande na kutumwa kwenye magrupu, sehemu ya 1, sehemu ya 2, ukitaka sehemu ya 20 ulipie, zimejaa kizuizi hicho. Tiki zimegeuka bluu na hajajibu. Amemwona mtandaoni saa saba usiku. Amembloki. Wazee wanaona ni upuuzi. Mimi nadhani ni jambo zito: watu wawili ambao hakuna mzazi, sheria, wala zizi linalowakataza, kila mmoja ameshika ufunguo wake, na wanashindwa kufungua. Ila simulizi hizi zinasema uongo mmoja, kwamba zizi limekwisha. Kaulizeni Rungwe au Mufindi kijana anayepanga kuoa. Ng'ombe sasa wanahesabiwa kwa shilingi na mshenga anaweza kupiga simu, lakini barua ya posa inaandikwa, na wajomba wanakaa.

Kuna jambo linaloniuma katika historia hii yote, nalo linahusu mabinti wa huku. Hesabuni filamu na tamthiliya ambamo kuna binti kutoka Iringa au Njombe. Kisha hesabuni ni mara ngapi yeye ndiye dada wa kazi. Anaingia na mfuko wa rambo, lafudhi yake inachekwa, anapika, na ikifika nusu ya hadithi baba mwenye nyumba anaingia chumbani kwake. Mke anagundua. Binti anafukuzwa, na sisi tunabaki sebuleni kuona kama mume na mke watapatana. Katika hadithi hiyo yeye hana mapenzi. Yeye ndiye kizuizi. Amewekwa palepale kwenye bahasha ya kaki, kwenye ugonjwa, kwenye zimwi la ngano. Kweli wasichana wengi wanatoka huku kwenda kufanya kazi za ndani mijini, hilo hakuna anayelikataa. Lakini kila mmoja wao ameacha mtu, au anamwandikia mtu, au anamkwepa mtu.

Mwaka mmoja niliwapa wanafunzi zoezi: andika hadithi ya mapenzi yenye kizuizi ambacho hujawahi kukisoma popote. Wengi waliandika tiki za bluu. Binti mmoja kutoka upande wa Njombe aliandika kurasa nne kwa penseli. Mhusika wake ni msichana wa kazi Dar es Salaam, na mchumba wake ni bodaboda Makambako. Mama mwenye nyumba hapendi asikie anaongea na simu, kwa hiyo anampigia kutoka bafuni wakati wa kuchota maji. Anafungua bomba lote, ndoo inapiga kelele, sauti yake haitoki nje. Wa upande wa pili anaanza kueleza habari za ng'ombe wawili waliopatikana, mjomba anayesumbua, siku ya kupeleka barua. Msichana hana nafasi ya yote hayo. Anasikiliza maji yakipanda, sauti ya ndoo inabadilika ikikaribia kujaa. Anamuuliza kama mvua imeshanyesha huko. Kijana anasema imenyesha jana. Ndoo ikijaa lazima akate.